Marehemu Hodi, Aliyepeleka Chakula Vyumbani Melini

Ndugu waombolezaji, viongozi wetu wa dini, majirani mliokuja na viti vyenu wenyewe kwa sababu mlijua vyetu havitatosha, na ninyi mliofika asubuhi hii moja kwa moja kutoka bandarini, mabegi yenu yakiwa bado na vibandiko vya safari, familia inawasalimu na kuwaomba masikio, maana maisha tunayokwenda kuyasoma si ya kusikilizwa huku mtu anasinzia.

Kabla ya yote lisemwe hili hadharani, lisije likasemwa pembeni. Kikao cha familia kilipokaa kuandaa historia hii, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, alipendekeza kwamba kwenye kazi tuandike "afisa ukarimu wa kimataifa", kwa hoja kwamba wageni watakuwa wengi na baadhi yao wana vyeo, na mjane, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu msiba uingie, akainua kichwa akasema, "Aliyefariki ni mume wangu, huyo afisa simjui." Kikao kikaishia hapo. Kwa hiyo mtakachosikia ni kwamba marehemu alikuwa mtumishi wa vyumbani katika meli za watalii, mtu wa kumpelekea chakula mlangoni mgeni asiyetaka kutoka kitandani, na kwamba tangu ujana wake hadi wiki yake ya mwisho alishindania jambo moja tu, kwamba kumtumikia mtu ni kazi, si kuomba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mpaka rangi na mama mpishi wa shule ya bweni, na kwa kuwa wazazi wote wawili waliondoka nyumbani kabla jua halijapanda, alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye sheria ndefu. Sheria kuu ya bibi ilikuwa kwamba mtu akikupa kitu, mara ya kwanza ukatae, ili ajue hukumfuata kwa ajili ya hicho, na akikushikilia mara ya pili ndipo upokee, kwa mikono miwili na macho chini. Ni sheria nzuri sana kati ya watu wanaoijua pande zote mbili, na ubaya wake mtauona muda si mrefu.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 akamaliza 1967, akaingia sekondari ya kutwa mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne 1971, ambako alifaulu jiografia kwa haki yake na hesabu kwa huruma ya msahihishaji, kisha mwaka 1972 akajiunga na chuo cha hoteli, akahitimu Novemba 1973. Wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa akifanya mazoezi ya kubeba trei iliyojaa glasi za maji kwenye ngazi za nyumba ya jirani, akipanda na kushuka bila kuangalia miguu, hata jirani akapeleka malalamiko kwa mama yake kwamba ngazi zake sasa hazikauki kiangazi wala masika.

Kazi aliianza Februari 1974, akipeleka chakula vyumbani katika hoteli ndogo karibu na soko la samaki, na tarehe 20 Agosti 1979 akapanda meli ya watalii, jengo zima linaloelea, lenye lifti, saluni, bwawa la kuogelea na ghorofa ambazo mtu anaweza kupotea wiki nzima akila vizuri. Alipangiwa ghorofa ya saba. Simu ikilia katika jiko dogo la ghorofa, yeye ndiye aliyeipokea, akaandaa trei, akafunika sahani, akaenda nayo kwenye korido ndefu yenye zulia, meli ikiyumba kushoto naye akiyumba kulia, chai isimwagike hata tone. Chuoni alifundishwa kugonga na kutaja huduma, lakini mlango wa kwanza tu mdomo ulimponyoka ukasema hodi, na wageni, wasiolijua neno hilo, wakadhani kijana anajitambulisha, na kabla safari ile haijaisha ghorofa nzima ilikuwa ikipiga simu kuomba mayai na mkate, tena yaletwe na Hodi. Jina likamganda, hata baadhi yenu mlio hapa leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba alikuwa na jingine, na hata leo hatulitaji, kwa sababu mwenyewe hakuwa akiliitikia.

Sasa ile sheria ya bibi. Wageni wale walikuwa na desturi ya kumpa mhudumu bakshishi, noti iliyokunjwa inayotolewa mlangoni wakati trei inapokelewa, na Hodi, mtoto aliyelelewa akaleleka, akawa anaweka mkono kifuani, anarudi hatua nyuma, anasema hapana, hapana, usijisumbue, kisha anasimama kwa adabu akingojea kushikiliwa mara ya pili. Nao walikuwa watu wa kuchukua neno kama lilivyo. Noti ilirudi mfukoni, mlango ukafungwa, Hodi akabaki koridoni na adabu yake. Alifanya hivyo msimu mzima, wenzake wakicheka mpaka wanashika kuta, na mambo yakawa mabaya zaidi pale mgeni mmoja alipoisifu meli kwa kuwa na mhudumu mwenye msimamo, asiyegusa fedha ya mtu, maana meneja alifurahi, akampiga Hodi picha, akaitundika kwenye korido ya wafanyakazi ili iwe funzo kwa wengine. Sasa hata akitaka kupokea, atapokeaje?

Aliyemtoa shimoni ni mpiga pasi wa chumba cha dobi, binti mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, ambaye alisimama mbele ya ile picha, akaitazama, akamtazama mwenye picha, akamuuliza, "Hii utaila na chumvi?" Kisha akampeleka katikati ya mashuka, akachukua kibanio cha nguo, akamwambia kwamba hicho ndicho noti, na akaanza kumfundisha, nikikupa pokea, sema asante, funga mdomo, ondoka, na kila Hodi alipoanza kurudi nyuma na mkono kifuani alipigwa kwa foronya. Somo lilichukua muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Wale waliofanya nao kazi wanashuhudia kwamba mwanafunzi alikuwa ameshaelewa siku nyingi, ila alijifanya mzito, na mwalimu naye hakuwa na haraka ya kumfaulisha.

Mwaka 1983, wakiwa likizo, marehemu alikwenda kujitambulisha kwa baba wa mpiga pasi, fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja, mtu wa maneno machache na yote yamepigwa pasi. Mzee alimsikiliza, akamuuliza anaishi kwa kipato gani, na marehemu, ambaye hakuwa na kipaji cha kuongeza chumvi, akasema kwa mshahara mdogo na bakshishi. Mzee akasema, "Binti yangu haolewi na mwombaji aliyevaa tai. Siku utakayojua tofauti ya kupewa na kuomba, uje unieleze na mimi." Akakanyaga cherehani, mazungumzo yakaisha. Jambo hilo lilimchoma marehemu kuliko kukataliwa kwenyewe, kwa sababu alijua tofauti ipo, aliihisi mkononi kila siku, lakini hakuwa na namna ya kuionyesha.

Namna hiyo ilikuja yenyewe. Mwaka 1984 kampuni iliweka ada kwa kila chakula kinachopelekwa chumbani, ikiandikwa kwenye bili kuwa ni ada ya huduma, na wageni, watu wazuri tu, wakaamini kwamba ada hiyo inakwenda kwa aliyebeba trei, hivyo mikono ikaacha kutoka mlangoni. Ada yote ilikuwa ikibaki kwa kampuni. Wahudumu waliambiwa kwamba mgeni akiuliza, watabasamu na kusema kila kitu kimeshashughulikiwa, sentensi ambayo marehemu alisema ni kama kitasa kisicho na mlango. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo, mama mmoja mgeni, daktari wa meno mstaafu, akiwa amevaa gauni la kulalia na bili mkononi, alimuuliza waziwazi, "Kijana, hii ada inakufikia wewe?" Marehemu akamjibu, "Hapana mama, hiyo ni ya kampuni. Umeniuliza, ndiyo maana nimekujibu."

Mama yule alikwenda kunywa chai kando ya bwawa, na mtu aliyezoea kuamuru watu wafungue midomo hashindwi kufungua wa kwake. Kufikia mchana ghorofa tatu zilikuwa zimepanga foleni mapokezi, kila mtu na bili yake, wakiuliza fedha yao inakwenda wapi, meneja anatokwa jasho ndani ya kiyoyozi, na Hodi akaitwa ofisini. Kulikuwa na karatasi mezani imeshaandikwa kwamba yeye alimwomba mgeni bakshishi, akisaini atapewa onyo na ataendelea na kazi, asiposaini atashushwa bandari inayofuata. Wenzake walimsihi asaini, karatasi haing'ati, kesho itasahaulika, na hawakuwa na nia mbaya, walikuwa na watoto. Lakini neno lililokuwa kwenye ile karatasi ndilo lile lile alilotupiwa na fundi cherehani, na akiliwekea mkono wake atakuwa amelikubali, kazi ataipata na mchumba atamkosa, na hata asingemkosa, angemwoaje akiwa mwombaji kwa maandishi? Akamwambia meneja, "Andika kwamba nilisema kweli, nitasaini sasa hivi, hata kalamu nitaleta mimi."

Alishushwa tarehe 9 Oktoba 1984. Meneja alisimama kwenye ngazi ya meli kuhakikisha anaondoka, wafanyakazi wamejazana madirishani, mpiga pasi yuko mbele kabisa na pasi mkononi, maana alisahau kuiacha, na mara yule daktari wa meno akateremka mbio na ndala za chumbani, akamnyooshea marehemu noti mbele ya kila mtu. Ndugu zangu, hapo pana mtego. Akiipokea, meneja ataonyesha kidole kwamba si mnaona, na akiikataa, atakuwa amekubali kwamba kuna aibu. Marehemu aliweka begi chini, akaipokea mara ile ile ya kwanza kwa mikono miwili, macho juu, akasema asante mama, akafunga mdomo, akaondoka. Madirisha yote yalipiga kelele, na wanaosema kwamba hata wapishi waligonga masufuria hawaongezi kitu.

Alisafiri siku kadhaa, hakupitia kwao, alikwenda na begi lake moja kwa moja kwenye duka la fundi cherehani, akasimama mlangoni na vumbi lake, akaeleza yote tangu bili hadi ngazi, na kwamba sasa hana kazi. Mzee akasimamisha cherehani, akauliza jambo moja tu, kama ile karatasi alisaini, na marehemu akajibu, "Sikusaini, mzee." Mzee akavua futi shingoni, akamgeuza, akaanza kumpima mabega, kisha mikono, kisha kiuno, akiandika kwa chaki mezani, na marehemu hakuelewa anapimiwa nini mpaka alipoulizwa koti analitaka vifungo viwili au vitatu.

Ndoa ilifungwa tarehe 2 Februari 1985, na Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni mhandisi wa barabara, wa kiume aliye mpishi, na binti wa mwisho, muuguzi, pamoja na wajukuu sita. Mei 1985 marehemu aliajiriwa na meli nyingine, baada ya yeye kuwahoji kuhusu ada zao kabla hawajamhoji yeye, akawa mkuu wa huduma ya vyumbani wa meli nzima mwaka 1996, na kustaafu Desemba 2008. Ile kampuni ya kwanza, miaka mitatu baada ya kumshusha, ilianza kuandika kwenye bili kwamba ada si ya mhudumu. Familia haidai kwamba ni kwa ajili yake, ila haikatazi mtu kufikiri.

Kuanzia 2010 alifundisha vijana nyumbani kwake bila malipo, mlango wa chumba chao cha kulala ukiwa ndio mlango wa melini, na mkewe akijilaza kitandani kama mgeni msumbufu, kazi ambayo majirani wanasema aliifanya kwa moyo wote. Aliwafundisha kutonyoosha mkono, kutoihesabu noti koridoni, na kumshukuru asiyetoa kitu kwa sauti ile ile ya aliyetoa, kwa sababu sauti ikibadilika, kumbe ulikuwa unaomba.

Novemba 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa kwa nyakati tofauti katika hospitali ya wilaya na baadaye ya rufaa, ambako Aprili 2023 alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika mwishoni mwa Mei. Katika wiki yake ya mwisho daktari mgeni alipita wodini akauliza mzee alikuwa akifanya kazi gani, na baba mdogo akawahi kujibu kwamba kaka alikuwa kwenye masuala ya bahari. Marehemu akavua kinyago cha hewa kwa mkono wake, akasema, "Chakula, daktari. Nilipeleka chakula vyumbani miaka thelathini na minne," akakirudisha mwenyewe, na baba mdogo akatoka nje, akakaa huko kwa muda. Alifariki tarehe 6 Juni 2023, saa tano asubuhi, mkewe akiwa ameshika mguu wake, kwa sababu mikono yote ilikuwa imeshikwa na watoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, majirani mliopika, mliochota maji na mliolala sakafuni pamoja nasi, na ninyi wenzake wa melini mliobadilishana zamu na watu wasiowajua ili mfike hapa. Inamshukuru pia baba mdogo, ambaye asubuhi ya leo, bila kuombwa na mtu, alikwenda kwa fundi wa vipaza sauti, akamwambia kwamba tukifika kwenye neno mtumishi aongeze sauti hadi barabarani wasikie.

Mtumishi wa vyumbani, trei umeitua salama, pumzika kwa amani.