Kama Inspekta Alisikia

Mpaka leo Jonah hajajua kama yule inspekta alisikia. Sehemu ya mwisho ilikuja ikapita, televisheni ya Nyambeki ikaja kuuzwa, na swali bado liko palepale. Lakini mchana wa siku ile, kwenye benchi mbele ya banda la kupimia majani ya chai, njia ya kwenda Roret, kila mtu alikuwa na jibu lake. Lori la kiwanda lilikuwa limekwama matopeni kule mteremkoni, magunia ya majani yamepangwa chini ya paa, na Nyambeki ameleta birika lake kubwa la chai ya maziwa. Benchi lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na Osoro, aliyeitwa Kamishna kwa kuwa aliwahi kuwa soja wa geti kwenye mashamba makubwa. Kulikuwa na Kipkurui, aliyeitwa Rufaa kwa ajili ya kesi ya mpaka wa shamba ambayo hajawahi kukubali kwamba alishindwa. Na Jonah mwenyewe, mwalimu wa kwaya, ambaye hata wazee walimwita Solfa kwa ajili ya doh-re-mi zake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya sehemu tano, kila Alhamisi jioni, kwa Kiingereza cha ng'ambo. Mwanamume mwenye kofia amemuua mwenye jumba la dansi. Kila akikumbuka, muziki unaanza, naye anaimba yote, hata mahali alipotupa nyundo, na inspekta amekaa kando yake anakula mkate. Wimbo ukiisha, inspekta anapangusa mdomo, anawasha sigara na kumwuliza kama anajua lolote. Siku ile ilikuwa ya sehemu ya tano.

— Hasikii, alisema Osoro. Mimi nimelinda geti miaka. Mtu wa usalama akishika mkate, masikio yanafunga.

— Yalifunga yako, Kamishna, alisema Nyambeki akimimina. Ndio maana waliiba geti lenyewe na wewe uko hapo.

— Geti liliibwa siku yangu ya kupumzika!

— Inspekta anasikia, alisema Rufaa. Anasikia kila kitu. Lakini ule ni ushuhuda. Mtu akisimama kanisani, aimbe kwanza, halafu aseme nilikuwa naiba mahindi ya jirani, kuna polisi anamngoja mlangoni?

— Hakuna.

— Basi. Ukiimba, umeungama. Yule inspekta ameokoka, anaogopa kuharibu ushuhuda wa mtu.

— Ameokoka na ile sigara? aliuliza Nyambeki.

— Ile ni ya kazi.

Osoro alitikisa kichwa kwa huzuni.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Na hapo mkuu ni nani? Muuaji? aliuliza Rufaa.

— Si ndiye mwenye kofia?

Nyambeki aliweka birika chini. Yeye aliona kwamba anayeimba si muuaji hata kidogo, ni marehemu. Amemwingia yule mtu kooni, anaimba kwa mdomo wa aliyemuua, na sauti ya maiti polisi hawajafunzwa kuisikia.

— Nyinyi mnapoteza wakati, alisema Rufaa. Shida ni televisheni. Hii yetu ni nyeusi na nyeupe. Wale wa Kericho mjini walio na ya rangi pengine wanaona wazi inspekta masikio yamekuwa mekundu. Sisi tutajuaje?

Hilo hakuna benchini aliyekuwa amelifikiria.

Jonah alicheka na wenzake, naye pia alitaka sana kujua. Lakini moyo wake ulikuwa kanisani, kabatini, ilikokaa betri. Betri ya Nyambeki ilikufa zamani. Sehemu zote nne waliziona kwa betri ya gari iliyo mali ya kwaya, ambayo kila baada ya kipindi ilipelekwa Roret kuchajiwa. Wiki hii mashine ya kuchaji ya Roret ilikuwa imeharibika. Moto uliobaki betrini ulitosha jambo moja tu: hadithi ya leo, au kinanda cha kwaya Jumapili, kwenye tamasha la makanisa kule Bomet, uwanjani, chini ya turubai, pasipo stima. Mwaka uliopita walikwenda kabla hawajanunua kinanda. Besi ya Rufaa ilipotea njia katikati ya ubeti wa pili, ikavuta wengine, na turubai zima likacheka. Mchungaji alisema baadaye, kwa upole uliomuuma Jonah kuliko kelele, kwamba wakiaibika tena kwaya itapewa mwalimu mwingine.

— Mwalimu, alisema Nyambeki. Betri inakuja ama haiji?

— Mama, nikileta leo, Jumapili kinanda hakitalia.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Rufaa.

— Betri tupu inaacha.

— Basi Jumapili mniache, alisema Rufaa. Nataka kuona hukumu, kesi haiwezi kukatwa nikiwa sipo. Lakini bila kinanda siimbi, Solfa. Kile ndicho kinachonishika mkono.

— Chagua moja, mzee.

— Nachagua zote mbili. Mkichagua moja, nakata rufaa.

Hapo ndipo Fancy alipotoka bandani, kikombe mkononi. Alikuwa karani mpya wa mizani, ametoka Bomet, hiyo ikiwa wiki yake ya pili. Aliwaamkia, akamiminiwa chai, akabaki amesimama.

— Wazee, naomba kuuliza. Ile ya wiki iliyopita niliona kidogo, nikiwa pale mlangoni kwa mama. Yule mtu aliimba akiwa barabarani, kwa mvua.

— Ndiyo, alisema Osoro. Wimbo wa nyundo.

— Kinanda kilikuwa wapi?

— Kinanda gani?

— Cha ule muziki. Nilisikia kinanda, na tarumbeta. Lakini barabara ilikuwa tupu. Na yeye hakugeuka kumtafuta mpigaji. Alijua tu aanzie wapi.

Rufaa aliangalia mteremkoni kana kwamba bendi ingekuja na lori. Nyambeki aliinamisha birika juu ya kikombe chake, yakatoka matone, kisha majani matupu.

Jonah alimwona tena yule mtu wa kofia, mvua ikimnyeshea, hana mpigaji mbele wala nyuma, anaanza. Akaona pia kwamba tangu kinanda kinunuliwe amekuwa akifundisha watu kukifuata. Hakukumbuka mara ya mwisho alipowafundisha kusikilizana.

— Rufaa, nipe doh.

— Hapa? Mbele ya magunia?

— Hapa.

Rufaa alikohoa, akatoa sauti ya chini, imepinda kidogo. Jonah alimpandisha kwa kidole, taratibu, mpaka ikasimama, kisha akapitisha wimbo wenyewe juu yake. Wakafika ubeti wa pili. Besi ilipotea, kama kawaida yake. Jonah hakuacha kuimba. Rufaa alifumba macho, akasikiliza, na besi ikarudi yenyewe.

— Na hakuna aliyeishika mkono, alisema Nyambeki.

Ikaamuliwa basi kwamba betri ije kwa Nyambeki jioni hiyo. Besi wote wakutane hapo benchini kesho na Jumamosi, lori lije lisije. Jumapili waende Bomet na midomo yao tu, na kama ni kucheka, turubai licheke. Benchi lilimteua Rufaa kubeba betri. Akakata rufaa, kwa sababu ya mgongo.

Betri aliibeba Jonah mwenyewe, begani, juu ya gunia lililokunjwa mara nyingi ili asidi isimchome. Walipoona kichwa chake kikija juu ya mimea ya chai, kule mbali, alikuwa ameanza ubeti wa pili. Rufaa, ambaye alikuwa anamweleza Fancy habari za mpaka wa shamba, aliacha katikati ya neno na kumwitikia kwa besi.