Orval Huffaker na Mchezo wa Ishirini

Orval Dean Huffaker, tunayemlaza leo kando ya mkewe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 mjini Stony Lick, jimbo la Indiana, mtoto wa kwanza wa mkata mawe Amos Huffaker na mkewe Della. Akiwa na miaka sita aliugua polio, ikamwachia mguu wa kushoto mwembamba kama mpini wa ufagio. Hakuwahi kuulalamikia. Waliomlalamikia ni wengine, na sababu haikuwa mguu.

Alisoma hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1955. Kwa kuwa hakuweza kukimbia, alipewa daftari la mabao la timu ya mpira wa kikapu. Aliketi pembeni ya uwanja kila Ijumaa na kuandika kila kilichoingia na kila kilichokosa. Mchezaji hodari wa timu ile alikuwa Glendon Ashby, jirani yake. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Siku hizo mji mzima uliingia kwenye jumba lile la mbao, maduka yakafungwa, na mchungaji akakatisha sala. Jumba limebomolewa. Sasa watu hutazama kwenye simu, kila mmoja kwake.

Kazi yake kwa miaka thelathini na tisa ilikuwa kwenye mizani ya machimbo ya mawe, akipima malori. Mwajiri hakumkuta na kosa hata la kilo moja. Kuanzia mwaka 1963, kila Machi, aliandika katika gazeti letu la wiki orodha ya makocha wa vyuo, akiwapanga kwa asilimia ya michezo waliyoshinda katika mashindano ya mchujo. Sheria yake ilikuwa moja: kocha asiyefikisha michezo ishirini hapangwi, maana hata kipofu huokota sindano mara moja. Kinyozi Burl Stamper aliibandika orodha hiyo juu ya kioo chake, na watu waligombana chini yake hadi Aprili.

Tarehe 20 Juni 1959 alimwoa Lorene Pruitt. Alitaka harusi iwe Machi, wakati wa mashindano ya vyuo, apate kumbukumbu mbili kwa pamoja. Lorene alimkatalia: "Machi yako ina mke tayari, Orval. Mimi nipe Juni." Glendon ndiye aliyemsimamia kanisani. Mwaka 1978 Lorene alifariki, na ni Glendon aliyelala sebuleni kwa Orval siku tisa ili asibaki peke yake.

Wakati huo Glendon alikuwa kocha wa Chuo cha Whitlow kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa ameshinda michezo ishirini na miwili na kufungwa saba, na jina lake lilikuwa la kwanza juu ya kioo cha Burl. Kisha mwaka 1981 ikagundulika kwamba wachezaji wake wawili walifanyiwa mitihani na watu wengine. Glendon hakujua. Hata hivyo chuo kilimwachisha kazi, na chama cha michezo kikafuta misimu miwili: ushindi nane na vipigo viwili. Ukabaki ushindi kumi na nne kwa vipigo vitano. Michezo kumi na tisa.

Orodha ya Machi 1982 ilitoka bila jina lake. Glendon alikuwa kwenye kiti cha Burl, ananyolewa, Orval alipoingia.

"Mpe mchezo mmoja, Orval," Burl alisema. "Mmoja tu, mwenzako huyu!"

"Nitautoa wapi? Niuzae?"

"Hiyo sheria ya ishirini aliitunga nani?" Glendon aliuliza. "Mungu?"

"Niliitunga mimi."

"Basi itengue wewe."

"Na wale kumi na wawili niliowakatalia kabla yako, niwaambie nini? Kwamba hawakunisimamia harusini?"

Glendon aliinuka na povu kwenye shavu moja, akavaa kofia, akatoka. Hakurudi. Kwa miaka thelathini na saba walikaa nyumba mbili zinazotazamana, na ikiwa mmoja anachukua barua zake, mwingine husubiri aingie ndani.

Gazeti liliuzwa mwaka 2004, na wenye mali wapya wakasema mashine inapanga makocha vizuri zaidi. Mashine haina sheria ya ishirini wala ya mbili. Orval aliendelea kuandika orodha yake kwa mkono, bila msomaji.

Mwezi Januari 2019 saratani ya kongosho ilimlaza hospitalini. Binti yake Twila alimsomea madaftari yake ya zamani. Walipofika mwaka 1969 alisita.

"Baba, hapa Whitlow walicheza kutafuta nafasi ya tatu, wakashinda. Mbona umeupiga mstari?"

"Huo si mchezo. Hao walikwisha kushindwa, wanapoteza muda tu."

"Chama kimeuhesabu, Baba. Umo kwenye kitabu chao."

Akalichukua daftari mkononi. Alipofuta ushindi wa Glendon, alifuata kitabu cha chama. Alipohesabu, alifuata kichwa chake. Akaomba kalamu, akaandika: Ashby, kumi na tano kwa tano, robo tatu kamili. Akaomba Glendon aitwe.

Glendon alikuja, mzee wa fimbo. Aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Ishirini," alisema.

"Ishirini. Nilikosea, ndugu yangu."

"Ulikuwa nao kwenye daftari siku zote?"

"Siku zote."

Glendon aliirudisha karatasi juu ya blanketi, akaenda zake.

Orval alifariki tarehe 2 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mashindano kuanza. Karatasi hiyo imo mfukoni mwa koti lake.

Ameacha binti, Twila, mjukuu, Dalton, na mdogo wake, Wendell, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia rafiki mmoja, ambaye dirisha lake linaonekana kutoka hapa, na pazia limeshushwa. Wewe uliyepima kila kitu, kaka, pumzika sasa kwa Asiyekupima kwa mizani yako.