Wasifu wa Mzee Mabega, Mtangazaji wa Mbio za Baiskeli

Ndugu, jamaa na marafiki, mama mkwe wangu ameniagiza nisome wasifu huu mimi mwenyewe, nisimpe mtu mwingine. Wengi mliokuja kumsindikiza marehemu mnamkumbuka kwa mambo mawili: sauti yake kwenye televisheni, na kosa alilolifanya katika mbio za ubingwa za mwaka 1993, zile ambazo mwendesha baiskeli mmoja alishangilia kabla mbio hazijaisha. Mwendesha baiskeli huyo ni mimi. Habari za siku ile mmezisikia kwa upande mmoja tu, na upande huo si wa kweli. Nitazieleza zitakapofika mahali pake, kwa kuwa marehemu hakupenda msimulizi anayeruka mambo.

Mzee wetu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Mei 1948, mtoto wa nne kati ya saba, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake aliyekuwa fundi baiskeli. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa ukuta wa pili wa karakana hiyohiyo. Marehemu alikuwa akisema kwamba alijifunza kusikiliza kabla hajajifunza kusema, maana baba yake alijua ugonjwa wa baiskeli kwa kuisikia ikija: hii mnyororo umelegea, ile gololi zimekwisha. Yeye mwenyewe alijifunzia baiskeli za wateja, akipitisha mguu chini ya bomba la katikati kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno. Mteja mmoja aliikuta baiskeli yake imepinda usukani, akaambiwa ilikuja hivyo. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa, anasema haikuja hivyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, na sekondari akamaliza mwaka 1966. Siku ya michezo akiwa darasa la sita, mwalimu mkuu alikwenda kunywa maji akaacha kipaza sauti mezani. Aliporudi alikuta mbio za magunia zinatangazwa, wazazi wamesimama juu ya madawati, na mtoto aliyekuwa wa mwisho anashangiliwa kuliko wa kwanza. Ripoti yake ya mwaka ule bado ipo nyumbani. Mwalimu aliandika: "Anazungumza vizuri. Tatizo ni kwamba anazungumza."

Mwaka 1967 aliajiriwa stesheni ya utangazaji kama karani wa barua. Mwaka 1970 alianza kusoma matokeo ya michezo redioni, na mwaka 1976 akahamia televisheni. Mbio za baiskeli alizipata Aprili 1978 kwa sababu hakuna aliyezitaka. Watangazaji wa mpira walisema hawawezi kukaa saa tano kwenye kibanda cha mbao wakingojea watu wapite. Yeye alichukua chupa ya chai, penseli mbili na daftari, akaenda. Alikaa kwenye kibanda kile hadi alipostaafu mwaka 2011, ukiondoa miaka miwili nitakayoifikia.

Jina la Mzee Mabega alipewa akiwa na miaka thelathini, hana hata mvi moja. Lilitokana na kauli yake: "Msitazame miguu, miguu inadanganya. Tazameni mabega. Mtu akichoka, mabega ndiyo yanayosema kwanza." Aliamini kwamba mtangazaji mbaya humwambia mtazamaji kile anachokiona. Baiskeli inapanda mlima, mtazamaji anauona mlima, na mtangazaji anamwambia huo ni mlima. "Sasa hapo umemsaidia nini?" alikuwa akiuliza. "Mwambie kwa nini yule wa tatu anakataa kwenda mbele." Jambo lingine alilokataa ni kukatisha matangazo mshindi akishapatikana. Mwelekezi wa matangazo alikuwa akimpigia kelele masikioni kwamba muda umekwisha, naye anaendelea kusoma majina hadi mtu wa tisini na sita. Mtu wa tisini na sita, alisema, naye ana mama aliyekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi.

Mwaka 1984 mvua ilikata picha kwa dakika ishirini na mbili. Mwingine angebuni vita na mashujaa. Marehemu alisema, "Ndugu watazamaji, mimi sioni kitu, na nyinyi hamwoni kitu. Nikiona nitawaambia." Kisha akaeleza namna ya kuziba pancha, kuanzia kutafuta tundu kwa beseni la maji mpaka kusugua mpira kwa msasa. Stesheni ilipokea barua kumi na saba. Kumi na tano zilikuwa za shukrani, na mbili zilitoka kwa watu ambao kiraka chao hakikushika.

Hakuwa malaika. Alikuwa na methali kwa kila kona ya barabara, na wanawe walikuwa wakizimalizia kabla yake. Alipenda kueleza habari za gia kwa watu ambao hawakuuliza, wakiwemo daktari wake wa meno na mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Tarehe 19 Agosti 1972 alifunga ndoa na msichana aliyekuwa akipokea simu hapohapo stesheni. Mama anasema watangazaji wote walikuwa wakipita mezani kwake na maneno matamu, na huyu ndiye peke yake aliyemuuliza swali kisha akanyamaza asikie jibu. Walijaliwa watoto watatu: binti, aliyezaliwa mwaka 1973 na ambaye sasa ni mke wangu, na wana wawili waliomfuata. Waliishi miaka hamsini na miwili katika ndoa. Mama anakiri kwamba mingi kati ya hiyo Jumapili zake alizitumia kutazama televisheni peke yake, akimsikia mumewe bila kumwona.

Sasa nimefika kwenye Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 1993. Mbio zilikuwa mizunguko kumi na miwili katikati ya mji. Marehemu alikuwa na desturi ya kupiga mstari mmoja daftarini kila kundi la mbele lilipopita chini ya kibanda. Katika mzunguko wa saba watu walianguka kwenye kona ya benki, kundi likakatika vipande viwili. Alipiga mstari kundi la mbele lilipopita. Halafu, akiwa bado anatafuta ni nani walioumia, akapiga mwingine kundi la nyuma lilipopita. Kuanzia hapo daftari lilikuwa limezitangulia mbio kwa mzunguko mmoja. Ndiyo maana tulipoanza mzunguko wa kumi na moja alisema, kwenye televisheni na kwenye spika zilizofungwa pale kwenye mstari wa kumalizia, kwamba huo ndio wa mwisho.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa na nguvu siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilichomoka zikiwa zimebaki mita mia mbili, nikavuka mstari peke yangu, nikaachia usukani, nikainua mikono yote miwili. Ndipo kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Wenzangu wakanipita kushoto na kulia, na fundi wangu alikuwa akipiga kelele, "Bado mmoja! We, bado mmoja!" Nilimaliza wa thelathini na nne.

Kwenye hema mwandishi wa gazeti aliniuliza kama nilimsikia mtangazaji akisema ni mzunguko wa mwisho. Ukweli ni kwamba sikujua hata kama amesema. Pale mstarini watu walikuwa wanapiga mabati na filimbi. Sikusikia spika, wala jina langu nisingelisikia. Hesabu niliikosa mwenyewe, kichwani mwangu, kwa sababu ya zogo lilelile la kona ya benki. Lakini niliona aibu, na mwandishi alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Nikamjibu, "Ndiyo, nilimsikia."

Mkuu wa michezo pale stesheni alimshauri marehemu anyamaze, watu watasahau. Jumapili iliyofuata alifungua matangazo kwa maneno haya, ambayo mama aliyanakili kwenye kalenda ya jikoni: "Wiki iliyopita nilihesabu vibaya, na kijana mmoja akaniamini. Hakupoteza ubingwa kwa miguu yake. Aliupoteza kwa mdomo wangu." Kesho yake aliondolewa kibandani, akapelekwa kwenye chumba cha kanda, orofa ya chini, kubandika lebo. Alikaa huko miaka miwili. Watu walimtania barabarani, wakihesabu vidole kwa sauti anapopita.

Wiki hiyohiyo alikuja kwangu. Nilikuwa napanga vyumba viwili, na nilikuwa nje naosha mnyororo. Alikuja na binti yake.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye kijana wa mikono juu?"

"Ndiye mimi."

"Na mimi ndiye mdomo. Ile radhi ya kwenye televisheni ilikuwa ya watu wote. Yako nimeona niilete mwenyewe."

Binti yake akasema, "Kaka, msamehe tu. Baba hali, na nyumba nzima hatuli. Tuonee huruma na sisi."

Nikasema, "Yameisha, mzee." Nilimsamehe mtu ambaye hakuwa amenikosea, na watu wakanisifu kwa moyo mzuri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka thelathini na mmoja.

Alinialika nyumbani Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Tulikuwa tukitazama mbio pamoja, tukimsikiliza mtangazaji aliyechukua nafasi yake, ambaye tulimpa jina la Redio kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuzimia. Redio yupo hapa na amenipa ruhusa ya kusema hivyo. Siku moja alitangaza kwamba mbio zimekwisha wakati zimebaki kilomita arobaini, na dakika kumi baadaye waliokuwa mbele wakakamatwa wote. Nilicheka. Marehemu hakucheka. Aliinuka akampigia simu stesheni: "Mwanangu, sauti unayo. Kilichobaki ni kungoja. Ukiwahi kumtangaza mtu, unamwonea yeye na anayemfuata." Baada ya hapo alimwandikia Redio maelezo ya kila mbio, kurasa mbili tatu, akampelekea kwa mkono. Alimfundisha kazi mtu aliyeketi kwenye kiti chake, na kwenye kiti hicho mimi ndiye niliyemtoa.

Mwaka 1995 alirudishwa kibandani, na mwaka 1996 akaniozesha binti yake. Kuanzia hapo nilimwita baba, na sikumwita hivyo kwa heshima ya mdomoni tu. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu nisipolisema mtadhani nilinyamaza kwa kutomjali. Nilinyamaza kwa kuwa kila mwaka uliopita niliona nina mengi zaidi ya kupoteza.

Mwaka 2014 aligunduliwa kuwa na kisukari, na kufikia mwaka 2021 macho yalikuwa yamefifia. Kazi ya kumtangazia mbio ikawa yangu. Nilikuwa mtangazaji mbovu, na alinirekebisha bila huruma. "Mkwe, unaniambia wanakwenda. Najua wanakwenda, wana baiskeli. Nani anamwangalia nani?" Mara nyingi tulikuwa wawili tu sebuleni, mlango umefungwa, mama yuko sokoni. Nafasi nilizokuwa nazo za kumwambia ukweli ni nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwezi Desemba mwaka jana figo zilianza kushindwa. Alilazwa tarehe 22 Januari, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Jumanne ya tarehe 4 Februari nilikwenda peke yangu, nimeazimia. Nilimkuta amelala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima, sikutaka kumwamsha, au pengine nilifurahi kwamba amelala. Muuguzi aliponiambia muda wa wageni umekwisha, nilimwambia baba nitarudi kesho. Kesho yake hakuwa na fahamu. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Siku iliyofuata nilimweleza mama. Alikuwa anakunja mashati yake, na aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza. Akasema, "Ungemwambia tu, mwanangu. Angekuuliza kwanza ulipoteza hesabu mzunguko wa ngapi." Kisha akalia, na mimi nikalia. Nilimuuliza kama niliandike kwenye wasifu. "Liandike," alisema. "Na ulisome wewe, kwa kinywa chako. Alikwenda mbele ya watu wote kusema kosa, na wewe nenda mbele ya watu wote." Mke wangu ndiye aliyepiga chapa maneno haya. Bado hasemi nami sana, na ana haki.

Basi, ndugu zangu, isahihisheni habari hiyo mnapoisimulia. Marehemu alihesabu vibaya siku ile, hilo ni kweli, na yeye mwenyewe alilisema. Lakini hakuna aliyepoteza ubingwa kwa sababu yake. Mliomhesabia vidole barabarani, mlimwonea, nami ndiye niliyewapa sababu.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho. Ameacha mtangazaji mmoja aliyemfundisha kazi. Ameacha pia mkwe mmoja, aliyeshindwa mbio za mwaka 1993 kwa kosa lake mwenyewe.

Baba, pumzika. Hukunikosea.