Bati Jekundu Mbele ya Injini

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani miguuni pangu, maana sauti imeanza kuwa ndogo na sitaki kusema jambo mara mbili. Wewe Karani, mwanangu wa kwanza, weka kalamu chini. Haya si ya kuandika, ni ya kusikia. Nawe binti yangu, uliyezirithi spana zangu hata kabla sijafa, acha kujifuta mafuta, njoo hivyo hivyo. Mama yenu mwacheni hapo hapo anipepee na hicho kipande cha boksi, kwani mwili wangu unachemka tangu asubuhi, na kila nikifumba macho naiona barabara.

Ni ile barabara ya kupanda mlima, imekuwa nyeupe kwa jua, na mbele hewa inachezacheza juu ya lami utadhani kuna maji. Pikipiki yangu ya kwanza inapanda polepole, haina mtu juu yake, wala haifiki kileleni. Inapanda tu. Naisikia inavyobadilika sauti, inavyokuwa nzito, nataka kuiambia isimame na mdomo haufunguki. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mali.

Mali yangu mnaijua, haihitaji wakili. Gereji na vifaa vyote ni vya binti, na wewe Karani usinune, tangu utotoni ukiona grisi unaziba pua. Nyumba ni ya mama yenu mpaka siku yake, baada ya hapo ni yenu wawili. Pikipiki iliyo nje nitaisemea mwisho. Lakini si mali iliyonifanya niwaachishe kazi mchana wa leo. Nimewaita kwa sababu ya baba yenu mdogo. Nataka aje hapa nikiwa bado napumua, na nataka aje jina lake likiwa limesafishwa, kwa sababu niliyelichafua ni mimi.

Mtaani anaitwa Mchoma Injini. Ninyi wenyewe mmekua mkimwita hivyo, mkimwona anapita kwa miguu na begi lake la kushonea viatu, nami nimekaa kwenye benchi langu nacheka pamoja nanyi. Nilicheka, wanangu. Hilo linaniuma kuliko huu mgongo.

Sasa nisikilizeni ilivyokuwa. Mama yenu alikuwa na mimba ya Karani, nami nilikuwa nampeleka kliniki kwa pikipiki, na kila mvua ikinyesha tope linamrukia gauni. Nikajiapiza kwamba mke wangu hatachafuka tena. Nikakata bati la pipa la oili, nikalikunja kwa nyundo ya mbao lisipate kovu, nikalipaka rangi nyekundu mara tatu, nikalifunga mbele ya injini, kwenye vile vyuma vya kukinga miguu. Lilipendeza, msiniulize. Watu walikuwa wanasimama kulitazama. Mama yenu alilipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa kila tukishuka, na mimi nikavimba kichwa, nikajiona fundi wa mafundi.

Na injini ile, binti yangu anajua, haina maji ya kuipoza. Inaishi kwa upepo peke yake. Yale mapezi ya chuma yaliyoizunguka silinda kazi yake ni kupokea upepo yatoe joto nje. Ukiyaziba, ni sawa na kumfunika mtu blanketi usoni halafu umwambie akimbie. Mimi hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nawafundisha wengine. Lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwenye rangi.

Baba yenu mdogo alikuwa kijana, na mwendeshaji kama yule sijamwona tena. Akaitwa kwenye majaribio ya kazi. Kulikuwa na kampuni ya kusambaza dawa, ilitaka mtu wa kuvuka mlima kwa pikipiki kila siku, na yeye alikuwa ameiota kazi ile mwaka mzima. Nikampa pikipiki yangu kwa moyo mweupe. Akaondoka na bati langu mbele.

Alasiri alirudi anaisukuma. Shati limegandana na mgongo, soli za viatu zimeachia. Injini ilikuwa imejamu, pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, haipandi wala haishuki. Akaniambia, "Kaka, nilisimama mara tatu. Mara ya tatu nilikaa kivulini mpaka chuma kikaacha kulia." Mnajua injini yenye moto inavyolia ikiwa inapoa, tik, tik, tik, halafu inanyamaza. Mtu asiyesubiri hawezi kujua kwamba inanyamaza. Nami nikamwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo, ameikimbiza. Na msimamizi wa kampuni alipokuja gereji kuniuliza kama fundi, kosa la nani, nikajibu kwamba huyu hajui kupumzisha injini. Kazi akapewa mwingine.

Siku tatu baadaye nikaifungua. Nililitoa bati kwanza, nikaligeuza. Upande wa nyuma rangi ilikuwa imefanya malengelenge, na silinda ilikuwa imeiva rangi ya buluu pale pale bati lilipoziba, mpaka kwa mpaka. Nikakaa chini sakafuni. Nilijua papo hapo.

Mbona umeacha kupepea, Mama Karani? Ndiyo, lile bati. Hukujua, na hukukosa lolote, usijitwishe mzigo wangu. Pumzisha mkono ukitaka, ila usitoke.

Nilinyamaza kwa sababu ya jina. Nani angeniletea pikipiki yake, akisikia fundi ameiziba injini yake mwenyewe kwa urembo? Nilisema nitamwambia kesho, kesho ikawa wiki, na kisha kila mwaka uliopita uliufanya mdomo kuwa mzito zaidi. Bati nililipigilia darini, juu ya benchi la kazi, pale palipokuwa panavuja, upande wa malengelenge ukitazama chini. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi chini yake.

Mlikuwa mnashangaa kwa nini nawakazania waendeshaji habari za joto mpaka wananikimbia. Ondoa tope kwenye mapezi. Kwenye foleni zima injini, usiiache ingurume imesimama. Badilisha oili kabla haijawa uji. Na yule bwana aliyemwagia injini ya moto ndoo ya maji baridi, kama anamwogesha mtoto, silinda ikapasuka mbele ya macho yake, nilimfokea mpaka akatokwa machozi. Watu wakasema, fundi huyu ana uchungu na kazi. Wakanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa. Nilikuwa namfokea mtu mwingine.

Yeye hakushika tena usukani wa pikipiki. Tulipomzika mama yetu alisimama upande ule wa kaburi, mimi upande huu. Mwaka juzi mama yenu alimpelekea viatu vyangu avishone, hakumwambia ni vya nani. Vilirudi vimeshonwa mara mbili, uzi juu ya uzi. Aliujua mguu wangu, wanangu. Nililia nikiwa nimevishika.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Karani, nenda gereji sasa hivi. Panda kwenye benchi, ling'oe lile bati, uwaoneshe waendeshaji wote waliopo, na useme kwa sauti, usimung'unye maneno: "Aliyeichoma injini ni baba yetu." Wakikuuliza, jibu. Wakicheka, waache wacheke, ni haki yao.

Binti, chukua pikipiki iliyo nje uende kwa baba yako mdogo, kule mlimani anakoishi. Mwambie yote, usinipunguzie. Mwambie pikipiki hiyo ni yake kuanzia leo, aje asije. Akikataa, usimbembeleze, ana haki ya kukataa, urudi kwa miguu. Akikubali, usimpakie. Mpe ufunguo, wewe kaa nyuma, na mpite njia ya sokoni, mbele ya gereji, watu wamwone ameshika usukani.

Mungu awape maisha marefu... na midomo myepesi kuliko wangu. Mpendane. Mkikoseana, ambianeni siku hiyo hiyo. Mama yenu msimwache peke yake.

Barabara ile... naiona tena. Lina joto, jua la leo. Nenda, binti. Na mkirudi, mkiwa mlimani mkaona injini imepata moto, simameni. Msinifikirie mimi. Kaeni kivulini naye, iacheni ipoe yenyewe... mpaka inyamaze. Mimi nitasubiri.