Sajini Wangeci, Muuguzi wa Ndege Aliyengojeshwa Nyumbani

Sajini mstaafu Lydia Wangeci alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Gatuanyaga, kitindamimba wa hayati Mzee Kariuki na Mama Peris. Alisoma shule ya msingi ya jirani, akirudi kila jioni na vumbi hadi kwenye kope, kisha sekondari mjini Thika. Baba alipofariki mwaka 2003, kaka yake Githinji, mfanyabiashara wa mbuzi, alishika boma na kumsomesha chuo cha uuguzi.

Alijiunga na jeshi mwaka 2008. Vita vya Somalia vilipoanza aliwekwa kwenye ndege za kuwatoa majeruhi. Mngurumo wa ndege zile ulimeza maneno, kwa hiyo alisema na mgonjwa mdomo sikioni. Askari mmoja kijana alimwomba amfikishie mamake salamu, maana yeye hafiki. Wangeci akamjibu, "Kufa ni shauri yako, lakini si kwenye zamu yangu. Ngoja tutue." Kijana alicheka katikati ya maumivu, akafika, na leo amekaa safu ya tatu hapo kati ya waombolezaji.

Fundi wa ndege hizo alikuwa Sajini Barasa, mtu wa Bungoma. Alianza kwa kumwekea Wangeci chai kwenye thamosi kila safari. Baadaye ikawa hapati usingizi kama ndege aliyomo Wangeci haijatua.

Desemba 2014 Barasa alipata likizo ya siku nne. Hazikutosha kwenda Bungoma kuleta wazee, akaja Gatuanyaga na rafiki mmoja kujitambulisha. Githinji alimwambia hapa mke haombwi na vijana wawili. Arudi na wazee wake. Kidesturi hakukosea. Lakini moyoni alikuwa anapima soko: mnunuzi mwache afike langoni, atarudi mwenyewe na neno zuri zaidi. Wangeci alimfuata kaka yake zizini.

"Baba Nduta," alimwambia, "nimewashika mikono wanaume wakikata roho wakiita wake zao. Usinifundishe kungoja."

Alingojeshwa. Kila wazee wa Bungoma wakipanga tarehe, Githinji alikuwa na sababu: mara kiangazi, mara uchaguzi, mara korona. Wangeci naye hakukubali kuhamia kwa mtu kabla mamake hajapewa heshima yake. Alistaafu mwaka 2019, akapanga nyumba Kimbo na kufanya kazi kwenye zahanati. Barasa alijenga hapa Murera, akawa anamtembelea kila Jumapili, wawili hao wakinywa chai mlango wazi kama wachumba wa kwaya. Tangu Barasa ajitambulishe ilipita miaka kumi.

Machi 2025 Wangeci alipatikana na saratani ya kongosho. Hospitalini Thika, Barasa ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Lakini fomu ya upasuaji ilipoletwa, aliambiwa aite mtu wa familia. Githinji alitoka sokoni mbio, akatia sahihi huku Barasa amesimama ukutani ameshika ndara za mgonjwa. Hapo hapo Githinji akaomba wazee waje, wakaafikiana tarehe 30 Agosti. Wangeci alifariki tarehe 26.

Wazee walikuja siku yao vilevile. Githinji hakubishana nao kwa lolote. Desturi inataka binti aulizwe kama kinywaji kinywewe, maana akikataa hakuna ndoa. Kikombe kilizungushwa na hakuna aliyethubutu kukinywea, mpaka kikamfikia Mama Peris.

"Kunyweni," alisema. "Yeye alishajibu zamani. Ni sisi hatukumuuliza."

Ndiyo maana leo, tarehe 4 Septemba 2025, tunamzika Murera na si Gatuanyaga. Ameacha mume, Barasa. Mama, Mama Peris. Kaka, Githinji, pamoja na mkewe. Watoto wa kaka, Nduta na Kariuki. Wenzake wa jeshi, na wagonjwa wa Kimbo waliozoea kumwamsha kabla ya kifungua kinywa.

Mungu amlaze pema, apumzike kwa amani nyumbani kwa mumewe.