Magurudumu Madogo ya Uskoti

Baada ya alasiri, benchi la nje ya duka la Hisham, mtaa wa Mawaleh, huwa na wenyewe watatu, birika la kahawa na sahani ya tende. Thani wanamwita Injinia, kwa kuwa alitengeneza pampu za maji miaka thelathini. Muatasim ni Redio, na sababu haina haja ya kuelezwa. Saeed ni Gari Moshi: amewaambia mara mia kuwa marehemu baba yake alikuwa dereva wa treni Tabora. Leo kaja na simu mkononi, hana raha. Binti yake Nouf, anayesomea uhandisi Uskoti, kamtumia picha ya injini ya mvuke iliyoundwa kwa reli ya mlima mkali, na swali: "Baba, wewe mtoto wa dereva. Kwa nini magurudumu yake madogo kuliko ya treni za tambarare?"

— Nambieni, mtoto anangoja, alisema Saeed.

— Baridi, yakhe, alisema Injinia. Chuma kikipata baridi hunywea.

— Basi na reli ingenywea, alisema Redio. Yalikuwa makubwa hayo, mlima umeyala. Mie tairi zangu zaliwa kila mwaka kwa ile aqaba, njia ya mlima, ya kwendea Amerat.

— Wapanda na kiyoyozi kinawaka, ndo maana, alisema Injinia. Kizime.

— Mwezi wa saba, na joto letu hili? Wewe binadamu kweli?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Injinia. Na injini hiyo imeinamishwa.

— Ndo hapo, alisema Redio. Wameishusha isione kilele. Ingekiona ingevunjika moyo. Punda si hufungwa macho?

Saeed alitamani jibu mojawapo liwe kweli. Aliona haya: miaka yote anatembea na sifa za baba, leo gurudumu tu limemshinda.

Kigozi, Mganda aliyekuwa akishusha mitungi ya gesi, alikuwa mgeni mtaani. Kwa kuwa hapo hapiti mtu bila finjani, akapewa yake, akasikiliza.

— Samahani, mzee, alimwambia Saeed. Baba yako akitoka safari, alikuwa anawaambia nini kuhusu hiyo treni?

Saeed alikumbuka viatu mlangoni, harufu ya moshi, na mama akiwakataza kelele.

— Alikuwa kachoka. Tukimwacha alale.

— Na akiamka?

Injinia alimsogezea Saeed sahani ya tende.

— Sikupata kumuuliza, alisema Saeed, na ikamuuma. Hata siku moja.

Akainamia simu, akamwandikia Nouf: "Sijui, mwanangu. Kaulize huko, kisha unifundishe."