Muulize Sista Pilar Kama Anabaki

Mgeni rasmi, Mama Mkuu wa shirika. Masista wa nyumba hii. Mwalimu wetu Rehana. Wazee, majirani na watoto mliofika: tunawasalimu kwa heshima na upendo.

KARIBU KIGANJO

Mgeni rasmi, barabara yetu ni mbovu na baridi ya mwezi huu haina adabu, lakini umekuja. Jana ulipofika, kabla hujaonja chai, uliona soksi ya Sista Pilar imeteleza, ukainama ukaivuta juu. Tulikuwa dirishani, tukaona. Ndiyo maana tumepata nguvu ya kusoma maneno haya.

Tuliombwa tuandike risala ya kumuaga Sista, kwa kuwa umekuja kumrudisha kwao Uhispania, kwenye nyumba ya masista wazee. Tulijaribu. Kila tukifika kwenye kwaheri, mmoja wetu anakumbuka ameacha maharagwe motoni. Basi tumeandika hii.

ALIVYOTUJIA

Sista Pilar alifika hapa akiwa mkunga kijana, na pikipiki iliyokuwa ikizama matopeni na kuvutwa na ng'ombe. Wengi wa watoto wetu walishikwa na mikono yake kabla ya yetu. Mwenzetu Wangui, aliyeketi pale karibu na mlango, alijifungua kifungua mimba wake mwezi wa Julai, baridi ikiuma. Alimwona Sista akitia mikono kwapani na kusimama hivyo kimya, kama mtu aliyekasirika. Wangui akafikiri amemkosea. Kumbe Sista alikuwa akiipasha moto mikono kabla ya kumgusa. Wangui ndiye aliyemwita Wamucii, yaani mtu wa nyumbani, na jina likashika kijiji kizima.

Kikuyu alijifunza sokoni Karatina, akibishania bei ya viazi mpaka wauzaji wakimwona wanajifanya wamelala. Kisha kiharusi kikampiga. Kikuyu kilipotea, Kiswahili kikafuata. Kikabaki Kihispania peke yake, na hapa hapakuwa na anayekijua. Masista wa nyumba hii ni wachache na wana zahanati ya kuendesha. Tukasema tutamhudumia kwa ngwatio, kama tunavyolimiana mashamba: leo huyu, kesho yule, na hakuna anayelipwa.

TULICHOJIFUNZA

Kila zamu ilipokwisha na mmoja wetu akichukua kiondo chake, Sista alimshika leso na kumuuliza, "¿Te quedas?" Wangui alimletea maji. Hakuyataka. Akamletea blanketi, kisha chombo cha haja. Sista akageukia ukutani akalia bila sauti. Wangui alienda nyumbani siku hiyo na hakuweza kula.

Halafu mwenzetu Rukaya wa Nyeri mjini akaja kumpokea Wangui zamu, pamoja na mjukuu wake Rehana. Rehana huongoza wageni wanaopanda mlima na anajua lugha hiyo. Alimsikia Sista, akaweka simu yake chini.

"Cucu," akamwita Wangui, yaani nyanya, "hataki maji. Anakuuliza kama unabaki."

"Kubaki wapi?"

"Hapa. Na yeye."

Wangui alishusha kiondo, akaketi tena. Alibaki mpaka ng'ombe wake wakaanza kulia kule nyumbani.

Tangu hapo Rehana hutufundisha kila Jumapili alasiri, na badala ya kutuomba kitu hutuletea mandazi. Alianza na kitenzi kimoja, quedar. Alisema ni kitenzi kitiifu, na ukikijua hicho, vingi vingine vitakufuata njia ile ile. Kwetu mtendaji hutangulia: nabaki, unabaki, anabaki. Kwao hukaa mkiani: quedo, quedas, queda, quedamos, quedáis, quedan. Na ukisema ni wewe mwenyewe unayebaki, unatanguliza neno dogo: me quedo. Mwenzako, te quedas. Yule, se queda. Sisi sote, nos quedamos.

Vichwa vyetu vimezeeka na hayo yalikuwa mengi. Tukafanya kama tunavyofanya na kazi yoyote kubwa: tukakigawanya. Kila mmoja akapewa kipande chake akakilinde. Rukaya alichukua me quedo. Wangui alipewa cha mwisho, se quedan, wanabaki. Tukaona tumemaliza kazi.

Zamu ya Wangui ilipofika, Sista akauliza kama kawaida. Wangui akasimama wima, akajibu kwa sauti ya kanisani, "Se quedan." Sista akatazama mlangoni. Akatazama nyuma ya pazia, akiwatafuta hao wanaobaki.

Rehana alipopata habari alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Cucu, kitenzi si shamba. Hakigawanywi."

"Kila kitu kinagawanywa, mtoto wangu," Wangui akamwambia. "Hata ng'ombe ya mahari tuligawanya."

"Na sasa me quedo iko wapi?"

"Iko kwa nyanya yako. Leo ameenda Karatina."

Tukaanza upya, kila mtu na kitenzi kizima. Tulikiimba tukipalilia, tukakiimba tukipukuchua mahindi. Hezekiah, mlinzi wa lango hili, akatuuliza ati tumeingia dini gani mpya. "Iko moja," Rukaya akamjibu, "lakini wewe umekataliwa."

Baadaye tukaona kwamba kitenzi hicho hakina kazi moja. Uji ukisalia sufuriani, unasema queda uji. Watu wakipatana wakutane kesho, quedamos mañana. Na nguo ikimkaa mtu vizuri, te queda bien. Hiyo Wangui aliipenda kuliko zote. Asubuhi moja alimvika Sista sweta ya buluu, akarudi nyuma kidogo amtazame. "Te queda bien," akasema. Sista akapapasa kola, akajikagua mikono yote miwili, akamwaga maneno mengi ya haraka. Rehana, aliyekuwapo, akatutafsiria: amesema Wangui ni mwongo, lakini aendelee.

Tunayaeleza haya ili ujue, Mgeni rasmi, kwamba asubuhi baada ya uji Sista huzungumza vizuri. Rehana anasema huwataja ndugu zake, na sisi pia hututaja, kila mmoja na watoto wake. Ulimi ndio uliorudi kwao. Akili yake iko.

YANAYOTULEMEA

Hatutaki kukudanganya. Sisi wenyewe ni wazee. Kumgeuza kitandani kunataka watu wawili, na migongo yetu inalalamika. Daktari wake yuko mjini, na mvua ikinyesha gari halipandi hapa. Huko unakompeleka kuna vitanda vinavyojiinua, kuna wauguzi mchana na usiku, na watu wanaoongea lugha yake bila kuimba kwanza. Tunajua barua yako ya kumwita arudi kwao iliandikwa kwa huruma. Hatuwezi kusema umekosea.

Lakini kuna jambo lingine, nalo linatulemea kuliko migongo. Sista hutuuliza kila siku kama tunabaki, nasi humjibu. Sisi hatujawahi kumuuliza kama yeye anabaki. Si kwa kukosa maneno, maana maneno ni yale yale anayotuuliza yeye.

Barua yako ilipofika, tulimtuma Wangui akamuulize. Aliketi naye tangu uji mpaka chakula cha mchana. Alimchana nywele. Alimkata kucha. Alimpa habari za mvua na za mahindi, kwa Kikuyu, na Sista akamsikiliza kwa makini kama mtu anayeelewa. Kisha Wangui akaja jikoni, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa imekwisha kuoshwa.

"Umemuuliza?" Rukaya akamwambia.

"Bado."

"Unaogopa hataelewa?"

"Naogopa ataelewa."

Hakuna aliyemtania. Rukaya alichukua kitambaa, akaanza kuikausha ile sufuria.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, mwanzoni tuliandika tukuombe umwache hapa. Wangui ndiye aliyesema tufute. Alituambia, "Tukimwombea abaki, na yeye roho yake inataka kuona kaburi ya mamake, hiyo si kumpenda. Hiyo ni kumfunga kamba."

Kwa hiyo tunakuomba umuulize. Kesho asubuhi, baada ya uji, kwa lugha yake. Umweleze yote bila kuficha: safari, kitanda kile na wauguzi, halafu umweleze juu yetu, na migongo yetu usiiache. Rehana ameomba ruhusa kazini ili akusaidie kusikia. Na tunakuomba jibu lake liwe ndilo jibu, hata kama tikiti imekwisha kukatwa.

Akisema anabaki, tutahitaji kitanda cha kujiinua, hata kilichotumika, na mtu wa kutufundisha kumgeuza bila kumuumiza. Hatutaomba zaidi ya hapo.

Akisema anakwenda, tunaomba siku chache tu, Wangui amalize sweta nzito aliyoianza. Tutamsindikiza mpaka barabara ya lami, wala hatutalia mbele yake, tumeshaahidiana hivyo. Nawe tunakuomba uwaambie wauguzi wa huko kwamba jioni hupenda mtu aketi naye kidogo kabla ya kuondoka.

Jambo la mwisho ni dogo. Utakapomuuliza, sisi hatutakuwamo chumbani. Tutatoka sote, na Wangui pia, twende mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, na Hezekiah atatufungia mlango. Sista anatujua. Akituona tumesimama pale, atajibu kwa ajili yetu. Tunataka mara hii ajibu kwa ajili yake.

Mungu akulinde barabarani, Mama Mkuu, aibariki nyumba hii, na ampe Sista wetu usingizi mwema leo.

Ni sisi,
Kikundi cha Ngwatio cha Akina Mama, Kiganjo.
Imesomwa na Ngendo, kwa niaba ya wenzake wote.